Nairobi–London kwa ndege: umbali km 6,840, mbona muda unaandikwa tofauti kila mahali?

Msafiri_Kaskazini

Wakuu, naomba kueleweshwa na wenye fani. Ukitafuta umbali wa anga Nairobi–London, vikokotoo vingi vya mtandaoni vinakupa km 6,840 au namba iliyo karibu na hapo. Kwenye muda ndipo vinapotengana: kimoja kinasema masaa 7 na dakika 35, kingine masaa 8 na dakika 20, tiketi ya kwenda inazidi masaa 9, na ya kurudi iko chini ya hapo. Ndege ni ileile, viwanja ni vilevile. Nikipanga kuunganisha na treni upande wa London nishike namba ipi? Na hizo km 6,840 zenyewe zinapimwa vipi?

MpangaSafari

Tuanze na umbali, kwa sababu ndiyo namba pekee kwenye mada hii isiyobadilika.

Km 6,840 ni urefu wa duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia kati ya pointi mbili. Inapimwa kutoka uwanja hadi uwanja, si kutoka katikati ya jiji. JKIA, uwanja wa Nairobi, iko nyuzi 1.3186 kusini na 36.9258 mashariki. Heathrow, uwanja wa London, iko nyuzi 51.470 kaskazini na 0.4543 magharibi. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe kwenye Excel, weka latitudo mbili kwenye A1 na A2, longitudo mbili kwenye A3 na A4, zote ukiwa umeshazigeuza kuwa radiani (kipimo cha pembe ambacho Excel hutumia), kisha andika:

=6371*ACOS(SIN(A1)*SIN(A2)+COS(A1)*COS(A2)*COS(A3-A4))

Hiyo 6371 ni nusu-kipenyo cha wastani cha dunia kwa kilomita. Jibu litakuwa karibu sana na 6,840. Kwa kuwa dunia imebonyea kidogo kwenye ncha, vikokotoo vinavyozingatia umbo hilo hutofautiana na hesabu hii kwa sehemu ndogo ya asilimia moja. Ndiyo maana huku unaona 6,830 na kule 6,845. Usihangaike na tofauti hiyo.

Makosa yanayoharibu jibu kweli ni haya. Kwanza alama ya kutoa. Nairobi iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yake ni hasi. Ukiisahau, umeihamisha JKIA hadi upande wa pili wa ikweta na jibu linapungua kwa karibu km 265. Ukisahau hasi ya longitudo ya Heathrow unapoteza km 43 hivi, na hili ni baya zaidi kwa sababu jibu bado linaonekana la kweli. Pili ni dakika za nyuzi. Vitabu vya viwanja huandika 1°19′07″, na mtu anaandika 1.1907. Sahihi ni 19 gawa kwa 60, kisha 7 gawa kwa 3,600, ndipo unapata 1.3186. Tatu, kusahau kugeuza nyuzi kuwa radiani. Hapo jibu linatoka la ajabu kabisa, kwa hiyo angalau utashtuka.

Halafu kuna maili. Km 6,840 ni maili 4,250 za nchi kavu, lakini ni maili 3,693 za baharini. Marubani na waongozaji ndege wanatumia za baharini, ambapo maili moja ni km 1.852. Mtu akichukua maili za nchi kavu akazigawa kwa mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa), anapata muda mrefu kuliko halisi kwa asilimia 15.

Duara_Kuu

Naongezea mstari huo unapita wapi, maana ndipo tatizo la muda linapoanzia. Ukitoka JKIA unaelekea nyuzi 334 au 335 hivi za dira, kaskazini-magharibi. Unavuka Turkana, unaingia Sudan Kusini na kupita karibu na Malakal, kisha Sudan katikati ya El Obeid na El Fasher. Unakata Libya karibu na Kufra, unavuka Ghuba ya Sirte na kuingia Sicily karibu na Siracusa. Kutoka hapo ni Genoa, karibu na Mont Blanc, mashariki kidogo ya Paris, mlango-bahari, kisha London.

Isomeni tena hiyo orodha: Sudan Kusini, Sudan, Libya. Karibu nusu ya mstari iko juu ya nchi ambazo ndege za masafa marefu ama zimezuiwa kuzipita ama zenyewe zinaziepuka.

Kibaraza

Mimi nilidhani tofauti ya kwenda na kurudi inatokana na dunia kujizungusha. Ndege ikielekea magharibi London inaikimbia, ikirudi mashariki Nairobi inaifuata.

MpangaSafari

Hapana mkuu, na hoja hii inajirudia sana kwa hiyo niijibu vizuri. Hewa inazunguka pamoja na dunia. Ndege iliyosimama JKIA tayari inakwenda mashariki kwa zaidi ya km 1,600 kwa saa pamoja na ardhi, na ikipaa haiachi mwendo huo nyuma. Ingekuwa dunia inateleza chini ya ndege, safari ya Nairobi–Mombasa ingekuwa na muda wa ajabu mno. Kinachotofautisha kwenda na kurudi ni upepo, yaani hewa inayokwenda kasi kuliko ardhi iliyo chini yake.

Sasa muda. Chukua Boeing 787-8, ndege inayotumika sana kwenye njia za aina hii. Mwendo wake wa kawaida angani ni Mach 0.85, yaani asilimia 85 ya mwendo wa sauti. Kwenye futi 38,000 hewa ina nyuzijoto kama −56, na mwendo wa sauti hapo ni km 1,062 kwa saa. Kwa hiyo ndege inakata hewa kwa km 903 kwa saa. Gawa 6,840 kwa 903: masaa 7 na dakika 34.

Hiyo ndiyo namba ya kikokotoo cha kwanza. Inadhani ndege inazaliwa juu ya JKIA ikiwa tayari kwenye mwendo kamili, inanyoosha mstari bila upepo, na inatoweka juu ya Heathrow. Vikokotoo vinavyotoa masaa 8 na kitu vimeongeza kiasi cha jumla cha kupanda na kushuka, wengine dakika 30, wengine zaidi. Hakuna kati ya hivyo kinachojua njia halisi ya usiku huo.

Jambo ambalo wengi hawalijui: joto la hewa huko juu linabadilisha mwendo. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 10 zaidi ya kawaida, Mach 0.85 ileile inakuwa km 924 kwa saa.

Mwongozaji_Anga

Nizungumzie anga, kwa kuwa Duara_Kuu ameshafungua mlango.

Vita vilipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, anga ya Sudan ilifungwa kwa ndege za kiraia. Hasara haikuishia mpaka wa Sudan. Anga ya juu ya Sudan Kusini, ile ya zaidi ya futi 24,500, ilikuwa bado inaongozwa kutoka Khartoum hata baada ya uhuru wa 2011, kwa hiyo kituo cha Khartoum kilipozimika na huko juu kukawa na pengo. Libya ilishakuwa inaepukwa na mashirika mengi kwa miaka mingi kabla ya hapo.

Ndege ya Nairobi–London ikabaki na njia za aina mbili.

Ya mashariki: Ethiopia, Bahari ya Shamu au magharibi ya Saudi Arabia, Misri, Mediterania, Ugiriki au Italia, kisha Ulaya. Tukiipima kwa Jeddah na Cairo kama vituo vya hesabu: Nairobi–Jeddah karibu km 2,560, Jeddah–Cairo 1,220, Cairo–London 3,530. Jumla 7,310. Umeongeza km 470, na kwa mwendo wa km 903 hizo ni dakika 31.

Ya magharibi: Uganda, kona ya Congo, Afrika ya Kati, Chad, kisha Sahara kuelekea Algeria au Tunisia na Ufaransa. Ukiipima kupitia N'Djamena unapata karibu km 7,440, yaani nyongeza ya km 600 na dakika 40. Njia hii nayo ilipata pigo lake: Niger ilifunga anga yake tarehe 6 Agosti 2023 baada ya mapinduzi na kuifungua tena tarehe 4 Septemba. Katika wiki hizo nne upana wa kupitia ulibanwa pande zote mbili.

Usichukulie km 7,310 kuwa ndiyo njia yenyewe. Kila safari hupangiwa njia yake, na huweza kukata kona za Bahari ya Shamu au kusukumwa nje zaidi. Kabla ya kila safari mpangaji husoma ilani za NOTAM (taarifa rasmi za usalama wa anga kwa marubani) za nchi zote za njiani, na ilani moja iliyotoka saa mbili kabla ya kuondoka inaweza kubadilisha mpango wote.

Inauma kuona Khartoum imekuwa shimo kwenye ramani. Imperial Airways ilipofungua huduma ya London hadi Mwanza tarehe 28 Februari 1931, njia ilifuata Nile kupitia Khartoum. Tarehe 2 Mei 1952, Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza la wakati huo, ilipoanza safari ya kwanza ya abiria kwa ndege ya jeti, London hadi Johannesburg, ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Khartoum ndiyo iliyokuwa kituo cha njiani cha upande wetu.

Msafiri_Kaskazini

Nimeelewa, kwa hiyo dakika 30 mpaka 40 zinatokana na kuzunguka. Bado sijafika masaa 9 na dakika kadhaa.

MpangaSafari

Sasa weka upepo. Kuanzia Misri kwenda juu unaingia kwenye ukanda wa pepo za magharibi. Desemba mpaka Machi mkondo mkali wa upepo wa juu hulala juu ya Afrika Kaskazini na Bahari ya Shamu ya juu, na kwenye kiini chake unaweza kuzidi km 200 kwa saa. Ndege inayoelekea London inaukata kwa mshazari, kwa hiyo haipokei nguvu zote, lakini kila saa inapokea sehemu yake kama upepo wa mbisho, yaani unaoipinga kutoka mbele. Ikirudi, sehemu hiyohiyo inaisukuma mgongoni.

Hesabu ya kwenda, tukichukua wastani wa upepo wa mbisho wa km 45 kwa saa kwa njia nzima: 903 toa 45 ni 858. Km 7,310 gawa kwa 858 ni masaa 8 na dakika 31.

Hesabu ya kurudi, tukichukua msukumo wa km 30: 933. Km 7,310 gawa kwa 933 ni masaa 7 na dakika 50.

Mbona mbisho 45 na msukumo 30, wakati upepo ni uleule? Kwa sababu upepo wa ubavuni nao unakula mwendo. Rubani analazimika kuelekeza pua upande upepo unakotoka ili asitoke njiani, na sehemu ya mwendo wake inatumika kupigana na upepo huo. Hasara hiyo ipo kwenda na kurudi.

Hayo ni masaa ya angani tu, tena bado kwa mwendo wa juu. Kwa kupanda na kushuka ongeza dakika 12 hivi. Kutoka geti la JKIA hadi kuanza kukimbia ni dakika 15. Foleni ya kutua Heathrow dakika 10 mpaka 15, na kutoka barabara ya kutua hadi geti dakika 10. Jumla ya kwenda inakuja masaa 9 na dakika 20. Kurudi hakuna foleni kubwa ya kutua Nairobi, ila kutoka geti la Heathrow hadi kupaa kunaweza kula dakika 20 au 25. Inakuja masaa 8 na dakika 35 au 40.

Hizo ndizo namba za tiketi yako. Muda wa tiketi ni wa geti hadi geti. Unaanza ndege inapoondolewa vizuizi vya magurudumu na kuisha inaposimama kabisa.

Kibaraza

Ila mashirika nayo huongeza muda makusudi ili yaonekane yamewahi, si kweli?

WakalaTiketi

Kuna ukweli, ingawa si ujanja mtupu. Ratiba inatengenezwa miezi mingi kabla, mtu hajui upepo wa tarehe hiyo. Anachukua muda wa safari zilizopita za msimu huo na kuchagua namba ambayo sehemu kubwa ya safari zitaitimiza. Akichagua wastani kamili, karibu nusu ya safari zitachelewa na wanaounganisha wataachwa. Kwa hiyo anapandisha kidogo. Ndiyo sababu usiku ambao upepo ni hafifu unafika dakika 25 kabla.

Kuhusu Heathrow kufika mapema si faida kila mara. Usiku kuna ukomo wa kisheria wa kelele: safari za usiku ni 5,800 tu kwa mwaka mzima, na kwa kawaida hakuna ndege inayopangiwa kutua kabla ya saa 10:30 alfajiri. Ndege iliyopata upepo mzuri inapunguzwa mwendo ikiwa bado mbali, wakati mwingine kuanzia maili 350 za baharini, au inazungushwa kwenye moja ya maeneo manne ya kusubiria: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Zitokazo upande wetu mara nyingi huletwa na njia za kusini-mashariki, yaani Biggin. Pale ndege zinapangwa moja juu ya nyingine, kila moja futi 1,000 juu ya ya chini yake, na iliyo chini kabisa ndiyo inayotolewa kwenda kutua. Dakika 10 hadi 20 asubuhi ya msongamano ni kawaida.

Fundi_Injini

Naona hakuna aliyegusa mwinuko wa Nairobi. JKIA iko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, na Heathrow futi 83.

Kwa mwinuko huo hewa ya kawaida inatakiwa iwe na nyuzijoto 4 hivi. Mchana wa nyuzi 25 hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inaruka kana kwamba uwanja uko futi 7,800. Usiku wa nyuzi 14 inakuwa kana kwamba uko futi 6,500. Hewa nyepesi ina maana mbili kwa wakati mmoja: injini zinatoa msukumo mdogo, na mabawa yanahitaji mwendo mkubwa zaidi wa ardhini ili kuinua uzito uleule, kama asilimia 12 zaidi ile mchana. Matairi nayo yana ukomo wake wa mwendo. Ndiyo maana barabara ya kurukia ya JKIA ina zaidi ya mita 4,000, na ndiyo maana safari nzito za Ulaya zinapenda kuondoka usiku.

Ndege ya VC10 ilibuniwa kwa ajili ya viwanja vya namna hii, vya joto na vya juu, Nairobi ikiwemo. East African Airways walipata zao aina ya Super VC10 kuanzia 1966.

Kwa London, hata hivyo, tusizidishe. 787-8 inachoma takriban tani 5 za mafuta kwa saa. Masaa 8 na dakika 45 angani ni tani 44. Weka asilimia 5 ya tahadhari, tani 2.2. Weka ya kukimbilia uwanja mbadala kama Gatwick au Stansted, tani 2 hivi. Weka akiba ya mwisho ya dakika 30 isiyoguswa, nyingine 2 na kidogo. Ukijumlisha na ya kutembea ardhini unafika tani 51. Matangi yanabeba tani 101, na uzito wa juu wa kuruka ni tani 227.9. Kwa hiyo London inafikika ukiwa na abiria na maua juu. Mwinuko wa JKIA unabana hasa safari ya New York, iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018, ya masaa karibu 15.

Hasara ya kuzunguka Sudan iko kwenye pesa. Dakika 31 ni tani 2.6 za mafuta kila safari, tena mafuta yenyewe yana uzito: kila tani unayobeba inakula karibu asilimia 3 yake kwa kila saa ili kubebwa tu. Ongeza ada za kupita anga za nchi nyingine. Shehena ndiyo inayopunguzwa kwanza, na kwa Nairobi shehena ni maua na mboga.

Kibaraza

Ndege ikichelewa kuondoka saa nzima, rubani hawezi kukaza mwendo akafidia?

Fundi_Injini

Kidogo sana. Kutoka Mach 0.85 hadi 0.87 ni nyongeza ya asilimia 2.3. Kwenye masaa 8 angani hizo ni dakika 11, na mafuta yanayochomwa hayalingani na faida. Ukiona ndege iliyochelewa dakika 40 imefika kwa wakati, imesaidiwa na dakika za ziada zilizomo kwenye ratiba, upepo mzuri na kukatiwa kona na waongozaji.

WakalaTiketi

Sasa kwenye kusoma tiketi, maana hapo ndipo watu wanaachwa.

Saa zote kwenye tiketi ni za mahali husika. Kenya iko UTC+3 mwaka mzima, yaani masaa matatu mbele ya saa ya kimataifa (UTC). Uingereza iko UTC wakati wa baridi, na UTC+1 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mfano wa wakati wa baridi: kuondoka Nairobi 23:50, kufika London 06:00. Ukitoa tu unapata masaa 6 na dakika 10, na wapo wanaoamini hivyo. Geuza: 23:50 ya Nairobi ni 20:50 UTC, na 06:00 ya London ni 06:00 UTC. Ni masaa 9 na dakika 10. Kurudi: kuondoka 10:20, kufika 21:55. Macho yanaona masaa 11 na dakika 35, kumbe 21:55 ni 18:55 UTC, yaani masaa 8 na dakika 35.

Kama hutaki kugeuza, jumlisha muda unaoonekana wa kwenda na wa kurudi, kisha gawa kwa mbili. Tofauti ya saa za nchi inajifuta yenyewe. Hapa ni 6:10 na 11:35, jumla 17:45, nusu yake ni masaa 8 na dakika 52, ambayo ndiyo wastani wa kweli wa njia hii kwa pande zote mbili.

Kubwa kuliko yote ni usiku wa manane. Tiketi ikiandika 00:20 tarehe 15, hiyo ni saa 6:20 usiku wa kuamkia tarehe 15. Kaunta unatakiwa uwe umefika saa 3:20 usiku wa tarehe 14. Anayefunga mizigo jioni ya tarehe 15 anakuta ndege ilishafika London tangu asubuhi, na tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishi kitu kwa asiyetokea. Mnaowakatia wazazi tiketi, andikeni kwenye karatasi kabisa: "usiku wa kuamkia Jumatano, uwe uwanjani Jumanne saa 3 usiku." Msiwaachie 00:20.

Pwani_Dsm

Na sisi wa Dar je? Hakuna ya moja kwa moja hadi London. Nairobi si kuzunguka?

Duara_Kuu

Kwa umbali, kupita Nairobi si kuzunguka hata kidogo. Dar–London kwa duara kuu ni km 7,507. Dar–Nairobi ni 668, ukiongeza 6,840 unapata 7,508. Nairobi iko karibu kabisa juu ya mstari wenyewe. Kupitia Dubai ni km 3,977 na nyingine karibu 5,500, jumla 9,470 hivi, yaani nyongeza ya km 1,960 au zaidi ya masaa mawili angani.

Kinachoamua ni muda wa kusubiri. Ukikaa Nairobi masaa 7, Dubai ya kusubiri masaa mawili na nusu inakufikisha mapema. Tafuta kwa jumla ya muda kutoka Dar hadi London, usitafute kwa kilomita.

WakalaTiketi

Kuna mahali ambapo km 6,840 inageuka kuwa pesa yako. Sheria ya Uingereza ya fidia ya kuchelewa hupima umbali kwa duara kuu, haijali ndege imezunguka wapi. Safari ya zaidi ya km 3,500 ukifika umechelewa masaa 4 au zaidi fidia ni pauni 520, na ukichelewa kati ya masaa 3 na 4 ni pauni 260. Muda wa kufika unahesabiwa mlango wa ndege unapofunguliwa, si magurudumu yanapogusa chini, kwa hiyo andika saa mlango ulipofunguliwa na utunze pasi ya kupandia.

Angalia upande unaosafiri. Ukitoka London, sheria inalihusu shirika lolote. Ukitoka Nairobi kwenda London, inahusu mashirika ya Uingereza na ya Umoja wa Ulaya tu, hivyo kwa shirika la Kenya upande huo hauna dai chini ya sheria hii. Kuchelewa kwa sababu ya anga kufungwa ghafla, vita au hali mbaya ya hewa hakulipwi. Hitilafu ya kawaida ya kiufundi inalipwa.

Msafiri_Kaskazini

Shukrani wakuu. Swali la mwisho: nikitaka kujua muda halisi wa wiki hii, siyo wa ratiba, naangalia wapi? Na treni niiache muda gani?

MpangaSafari

Ingia kwenye tovuti za kufuatilia ndege kama Flightradar24, tafuta namba ya safari yako, fungua historia ya siku chache zilizopita. Chukua iliyofika kwa kuchelewa zaidi kati ya hizo, ongeza dakika 90 za uhamiaji na mizigo, na treni yako iwe baada ya hapo. Ukiweza nunua tiketi ya treni isiyofungwa kwa saa moja maalumu.

Mambo mawili ya kuangalia. Historia hizo mara nyingi huonyesha muda wa kupaa na kutua, siyo wa geti. Pia hakikisha mpangilio wa saa, kwa sababu unaweza kuwa UTC au saa za mahali. Ukiona kupaa 21:10 na kutua 05:38, zote UTC, hayo ni masaa 8 na dakika 28 ya angani. Dakika za ardhini, za Nairobi na za Heathrow, bado hujaziweka.